Daraja la besi ya umbo la fidla halijalegea, liacheni

Wengi bado hudai limelegea, kwa hiyo nasema tena, na safari hii kwa kirefu: daraja la gitaa la besi la umbo la fidla, kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi juu ya uso wa gitaa, halijalegea. Limeundwa hivyo. Hakuna skrubu zilizosahaulika kiwandani wala zilizodondoka njiani kati ya Moshi na Arusha. Linasimama juu ya mbao kwa kukandamizwa na nyuzi tu, basi. Kwa hiyo ukimpelekea fundi na kumwambia "ligandishe, linacheza", na yeye akachukua supaglu, mmeharibu kitu kizima ili kutibu ugonjwa ambao haupo.

Gitaa hili lilitoka mikononi mwa watengeneza fidla. Karl Höfner alianzisha karakana yake Schönbach mwaka 1887, akitengeneza fidla na jamaa zake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukoo huo ulihamia Ujerumani, wakaweka kiwanda Bubenreuth, na huko Walter Höfner akabuni besi iitwayo 500/1 mwaka 1955. Mwaka uliofuata ilionyeshwa Frankfurt. Walichofanya ni kile walichokuwa wakikijua: uso wa mbao ya sprusi, mgongo na mbavu za mbao ya mepo, ndani uwazi, mkia wa chuma umeshikwa nyuma, na daraja lisiloshikwa na kitu. Mtazame mpiga fidla yeyote wa taarabu. Daraja la fidla yake halina gundi, halina skrubu, na hakuna aliyewahi kumwambia fidla yake ni mbovu. Kwa nini besi ihukumiwe tofauti?

Jaribu mwenyewe. Nyuzi zote nne zikiwa zimekazwa sawasawa, sukuma daraja kwa kidole gumba. Haliendi popote. Linaanza kutembea pale unapolegeza nyuzi, na linaanguka kabisa unapozitoa zote nne kwa pamoja. Hapo ndipo malalamiko yote yanapozaliwa. Mtu anatoa nyuzi zote apate kufuta vumbi, anarudisha daraja kwa kukadiria kwa macho, kisha anashangaa kwamba nota za juu zinakwenda kombo na kwaya inamwangalia. Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukilazimika kuzitoa zote, chora kwanza alama nyepesi ya penseli laini pembeni mwa miguu ya daraja. Usibandike utepe wa karatasi wenye gundi kwenye vanishi ya zamani, huweza kuing'oa.

Gundi inaharibu nini? Siku ikibidi daraja lisogee, linaondoka na vanishi, na mara nyingine na nyuzinyuzi za mbao. Skrubu ni mbaya zaidi. Uso wa juu ni mwembamba, na katika matoleo ya asili hakuna gogo chini yake, kwa hiyo skrubu inashika milimita chache tu za mbao. Inalegea, tundu linapanuka, ufa unaanza, halafu gitaa linaanza kutetema kila ukipiga nota fulani. Yapo matoleo ya kisasa yenye gogo ndani. Hata huko, ukishapiga skrubu umefunga mlango wa marekebisho: siku utakapotoka kwenye nyuzi bapa (zilizozungushiwa waya bapa, laini) kwenda nyuzi za kawaida za waya wa mviringo, daraja litahitaji kukaa mahali pengine na halitaweza.

Sasa kuliweka mahali pake, ambako watu hufanya haraka mno.

Pima kutoka kile kijiti kinachopokea nyuzi juu ya shingo hadi katikati ya freti ya 12 (freti ni vile vipande vya waya vilivyokatiza shingo). Kwenye besi ambayo uzi unaotetema, toka kijiti hadi daraja, ni inchi 30, ni sentimita 38.1, lakini pima lako, kwa sababu nakala haziko sawa. Umbali uleule, kutoka freti ya 12 kwenda kwenye daraja, ndio mwanzo. Mwanzo tu, si mwisho: uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, utahitaji kama milimita 2 zaidi kuelekea mkiani, na wa E, ule mnene, kama milimita 5. Kwa hiyo daraja litakaa mshazari kidogo, upande wa E ukiwa nyuma, na hilo nalo watu hulinyoosha wakidhani limepinda. Msilinyooshe.

Kaza nyuzi, tyuni vizuri, kisha piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi tu juu ya freti, bila kubonyeza), halafu bonyeza freti hiyohiyo na upige tena. Bonyeza kama unavyobonyeza siku ya ibada, usibonyeze kwa adabu ya karakana. Nota iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko hamoniki, daraja lirudi nyuma kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogee mbele. Kila unaposogeza, legeza nyuzi kidogo kwanza, shika miguu yote miwili, sukuma nusu milimita, kaza, tyuni tena, pima tena. Anza na G na E ukiwa unasogeza daraja zima. A na D zitengeneze kwa vile vipande vya waya wa freti vilivyopachikwa juu ya daraja: kila kimoja huchomoka na kuhamia kwenye mfereji wa mbele au wa nyuma.

Vitabu havisemi hili: haitatimia. Mifereji ni michache na nafasi kati yake ni kubwa kuliko marekebisho unayoyahitaji, kwa hiyo kuna uzi mmoja utakaobaki umekosea. Mimi huacha E ikosee, senti 3 hadi 5 kwenye tyuna (senti 100 ni nusu toni), kwa sababu wengi hawapigi E juu ya freti ya 7. Kama nafanya sawa kuitoa sadaka E badala ya kugawa kosa kwa nyuzi zote, bado najiuliza.

Urefu wa nyuzi ni kazi ya zile gurudumu mbili ndogo kwenye daraja. Juu ya freti ya 12, milimita 2 kwa G na 2.5 hadi 3 kwa E zinatosha. Masika mbao hunywa unyevu, uso unapanda na nyuzi nazo. Kiangazi cha Arusha kikikausha kila kitu unashuka, na nyuzi zinaanza kugonga freti. Robo ya mzunguko inatosha. Hapo tena mtu atakuja na "daraja limelegea".

Kugonga freti pia kuna sababu ya hesabu. Uzi uleule, nota ileile, ukifupisha urefu unaotetema kutoka inchi 34 hadi 30 mvutano unapungua kwa karibu asilimia 22. Uzi unakuwa mlegevu, unatikisika kwa upana, na mkono mzito unapandisha nota kila unapobonyeza. Dawa ni mkono mwepesi na nyuzi zilizotengenezwa kwa besi hizi. La Bella, watengeneza nyuzi, wana seti bapa ya unene wa 39, 56, 77 na 96 (elfu za inchi) inayokaa vizuri sana. Kabla hujanunua seti yoyote, pima kutoka kwenye mkia, si kutoka kwenye daraja, hadi kijiti cha kichwani. Mkia uko mbali, na nyuzi fupi za besi ya kawaida zinaweza kuanza kuwa nyembamba kabla hazijafika kichwani.

Halafu kuna wanaosema ule mlio mnene unatokana na umbo. Hapana. Gibson walitoa besi ya umbo la fidla mwaka 1953, lakini ya mbao nzima isiyo na uwazi ndani, hata lile tundu la fidla lilichorwa kwa rangi. Mlio wake ni kitu kingine kabisa. Paul McCartney wa Beatles mwenyewe alinunua 500/1 moja Hamburg mwaka 1961, pikapu zote mbili (vile vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi) zikiwa zimebanana karibu na shingo, na akapata nyingine mwaka 1963 yenye pikapu zilizoachana. Jina moja, besi mbili tofauti. Umbo lilimfaa kwa sababu anapiga kushoto, na besi yenye mabega sawa haionekani imegeuzwa.

Sauti nyembamba kanisani nayo hubebeshwa daraja. Angalia kwanza swichi ya Rhythm/Solo, maana upande wa Rhythm hupunguza sauti. Kisha angalia jeki imechomekwa wapi. Pikapu hizi hazina betri, zinataka mlango wenye ukinzani wa karibu megaomu 1 (kiloomu 1,000). Mlango wa kawaida wa miksa ni kama kiloomu 10, unaimeza sauti yote ya juu. Weka boksi la DI katikati, kile kiboksi kinachooanisha gitaa na miksa, au tumia mlango wa miksa ulioandikwa Hi-Z (wa ukinzani mkubwa). Gitaa likianza kuunguruma lenyewe, geuka usiitazame spika, kisha kata kidogo kati ya hezi 100 na 200.

Daraja likivunjika kweli, hatuna haja ya kuagiza mbali. Mpingo uko hapa, na wachongaji wa vinyago wana mabaki. Mti huohuo hutengenezewa klarineti. Chagua kipande kilichokauka, maana mbichi hupasuka, na vaa barakoa, vumbi lake linawasha kifua na ngozi. Kama mlio wake unatofautiana na ule wa daraja la kiwandani, siwezi kuapa. Kukaa vizuri kwa miguu ndiko kunakosikika. Laza msasa namba 120 juu ya uso wa gitaa, upande mkali ukitazama juu, mahali hasa daraja litakapokaa, usugue miguu ya daraja mbele na nyuma hadi ifuate mviringo, kisha malizia na namba 240. Ingiza karatasi ya risiti pembeni mwa mguu: ikipenya, bado. Kama gitaa ni la zamani, funga vipande vya daraja la asili kwenye mfuko na uviweke ndani ya begi lake.

Na kwenye Coaster usilegeze nyuzi. Ukilegeza, daraja litakuwa limeanguka kabla hujafika Boma Ng'ombe. Acha zimekazwa, weka kitambaa kati ya mkia na uso wa gitaa, na lipakate, usiliweke chini ya kiti.