Fuata Ndoo ya Deki: Usafi wa Sakafu za Ofisi na Mito ya Nairobi

Ukitaka kujua jengo linajali mazingira kiasi gani, sakafu inayong'aa haitakuambia lolote. Mfuate msafishaji anapomaliza kupiga deki, uone maji ya ndoo yake yanamwagwa wapi.

Nairobi ina mifereji ya aina mbili, na watu wengi huichanganya. Bomba la maji taka, lile la vyoo na masinki, hupeleka maji kwenye mitambo ya kusafishia, mkubwa wao ukiwa ule wa mabwawa ya Ruai. Mtaro wa maji ya mvua, wenye vile vyuma vya wavu kwenye maegesho ya magari, haupiti mtambo wowote. Kilichomwagwa pale huingia Mto Nairobi, Ngong au Mathare kikiwa vilevile, kikaungana na Mto Athi, kikapita maporomoko ya Fourteen Falls na hatimaye kufika Bahari Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Njiani wapo wakulima wanaomwagilia sukuma wiki na nduma kwa maji hayohayo.

Msafishaji humwaga kwenye wavu wa maegesho kwa sababu ndio ulio karibu. Majengo mengi hayakumjengea pa kumwaga, na simlaumu.

Kazi inayochafua kuliko zote hufanyika mara chache, aghalabu wikendi au likizo ya Desemba ofisi zikiwa tupu: kubandua nta kuukuu. Sakafu za vinaili hupakwa polishi yenye plastiki ndani yake, ndiyo mafundi huiita nta, tabaka juu ya tabaka, nayo hatimaye hugeuka manjano. Ili itoke, fundi humwaga dawa kali ya alkali, huiacha dakika chache, kisha hupitisha mashine yenye pedi nyeusi. Kinachobaki sakafuni ni uji wa kijivu unaoteleza, wenye harufu inayochoma puani. Ndani yake mna plastiki, viyeyushi, na mara nyingi zinki, kwa kuwa polishi nyingi hutiwa zinki ili zishikane na kustahimili nyayo na sabuni. Dawa ya kubandulia hukata mshikamano huo, na zinki huondoka na maji. Mwili wa binadamu unahitaji zinki kidogo, lakini kwa samaki na wadudu wa majini kiasi kidogo kilichoyeyuka ni sumu.

Dawa yenyewe hufika pH 12 au zaidi, pH ikiwa kipimo cha asidi na alkali ambacho 7 ni katikati. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka 6.5 hadi 8.5 kwa maji taka yanayoachiliwa katika mazingira. Katika kipimo hiki kila hatua moja ni mara 10, kwa hiyo kutoka 8 hadi 12 ni mara 10,000. Uji wa namna hiyo unyonywe kwa mashine, utiwe kwenye mitungi, na ukabidhiwe msafirishaji wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Bora zaidi ni kutofika huko. Mara nyingi inatosha kusugua tabaka la juu tu na kupaka moja jipya, na polishi zisizo na zinki zipo. Terazo, sakafu ya vipande vya marumaru vilivyoshikwa kwa saruji, ambayo imejaa katika majengo ya zamani ya katikati ya jiji, haihitaji nta kabisa. Inataka sabuni isiyo na asidi wala alkali kali, na kung'arishwa kwa mashine pale inapofifia. Anayeipiga asidi ili iwe nyeupe anaila sakafu: vipande vya marumaru na saruji iliyovishika huyeyuka kwa asidi, na sakafu iliyochimbika hushika uchafu haraka zaidi.

Kuna pia mazoea ya kukadiria dawa kwa macho. Lebo ikisema mililita 50 kwa lita 5 za maji, msafishaji humimina mpaka povu lipande. Sabuni iliyozidi hubaki sakafuni ikinata, vumbi hushika, na kesho inahitajika sabuni zaidi. Dawa za kuua vijidudu nazo, hata zikimwagwa mahali sahihi, zikizidi huua bakteria wanaofanya kazi ya kusafisha maji kule Ruai, au katika tangi la choo la jengo ambalo halijaunganishwa na bomba la jiji. Na tafadhali, kamwe msichanganye dawa ya klorini na asidi ya vigae au amonia. Hutoa gesi inayochoma mapafu, na anayeivuta kwanza ni aliyeinama juu ya ndoo.

Uchafu mwingi huingia kwa viatu. Zulia refu la mlangoni, linalompa mtu hatua kadhaa kabla ya kugusa sakafu, huzuia mchanga ambao vinginevyo hukwaruza polishi kama msasa. Zulia hilo, likikung'utwa kila siku, hupunguza maji, dawa na kazi ya kubandua nta kwa pamoja. Katika jiji linalopewa maji kwa mgao, na ambalo maji yake mengi hutoka mbali kule bwawa la Ndakaini, hilo si jambo dogo. Umeme unaotumiwa na mashine za kusafishia usiwatie hofu, kwani umeme wetu mwingi hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo.

Mabadiliko yataanzia kwenye mkataba. Ukidai tu sakafu ing'ae wakati wote na ukampa kazi mwenye bei ya chini, kontrakta atanunua dawa ya mtungi usio na lebo. Andika aina ya sabuni, kipimo chake, na mahali pa kumwaga maji machafu. Mwenye jengo naye aandikiwe wajibu wake: sinki la deki katika kila orofa, lililounganishwa na bomba la maji taka, na ufunguo wake ukae kwa wasafishaji wanaoingia alfajiri.