Newbee: jina lilibaki, watu wakaondoka

Kijana akiniomba nimfundishe kuchambua mechi za Dota 2, kwanza humpa fainali ya The International, mashindano ya dunia ya mchezo huo, ya Julai 2014, waliyoshinda Newbee ya China. Wengi hurudi wamenuna. "Kaka, hii ndiyo fainali ya dunia?" Mchezo wa mwisho unakwisha kwa takriban dakika 15, na ukumbi wa KeyArena kule Seattle ulikuwa umefurika watu waliotarajia vita vya saa nzima. Siwalaumu wakichoka. Ila mle ndani mna karibu kila kitu ninachokijua kuhusu jinsi timu inavyopanda, na mbegu ya jinsi ilivyokuja kushuka.

Kwa asiyecheza: Dota 2 ni mchezo wa kompyuta wa watu watano dhidi ya watano, kila mmoja na shujaa wake, kwenye ramani yenye njia tatu. Kila njia ina minara. Ukibomoa minara, ukaingia ndani, ukaivunja ngome kuu ya mwenzako, umeshinda. Muda unaotumia ni juu yako.

Newbee ilianzishwa mapema 2014, kwa fedha na kwa haraka. Jina lenyewe ni utani: kwa masikio ya Kiingereza ni mgeni asiyejua kitu, lakini kwa Kichina cha mtaani linasikika kama niubi, neno la kihuni kidogo la kumwambia mtu kwamba yeye ni moto wa kuotea mbali. Wachezaji hawakuwa wageni hata kidogo. Wanne kati yao, Hao, Mu, Banana na SanSheng, walikuwa pamoja TongFu, timu iliyoshika nafasi ya nne kwenye The International ya 2013. Juu yao akaletwa nahodha xiao8 kutoka LGD, klabu nyingine ya China. Kwa lugha ya jikoni, waliepua chungu kwa jirani kikiwa kinachemka, wakaongeza chumvi tu.

Na bado nusura waungue. Kwenye hatua ya makundi mwaka ule walianza vibaya mno, wakawa wanachungulia mlango wa kutokea, wakapenya kwa mechi za ziada. Kuanzia hapo hawakuteleza tena hadi fainali, wakakutana na Wachina wenzao, Vici Gaming, wakawafunga 3-1. Zawadi yote ilikuwa dola milioni 10.9, nyingi zikiwa zimetokana na mashabiki wenyewe kununua kitabu cha kidijitali cha mashindano. Newbee peke yao walichukua dola 5,028,308. Mwaka mmoja tu nyuma, chungu kizima cha mashindano hakikufika milioni tatu.

Sasa rudi kwenye zile dakika 15. Newbee hawakuwa na uchawi. Toleo la mchezo lililokuwa likitumika, 6.81, lilimpendelea anayesukuma mapema. Ukichagua mashujaa kama Death Prophet, Shadow Shaman au Lycan, unakusanya watu wako watano, unakwenda kwenye mnara mmoja baada ya mwingine, na mwenzako akipoteza vita viwili vya mwanzo hana njia ya kurudi. Dhahabu inamkimbia aliye nyuma na kumfuata aliye mbele. Vici walijua hivyo pia na walicheza hivyohivyo. Tofauti ilikuwa uamuzi. Ukiitazama mechi kwa faili la marudio ndani ya mchezo wenyewe, unaweza kuifuata kamera ya mchezaji mmojammoja. Mfuate Hao wa Newbee. Kamera yake iko mnarani kabla vita havijaisha. Wenzake wanapomalizia kuua, yeye ameshaanza kubomoa. Video ya kawaida haikuonyeshi hilo, ndiyo maana nawasumbua vijana wapakue faili.

Septemba mwaka huohuo likatoka toleo 6.82. Valve, wenye mchezo, walibadili hesabu: timu iliyo nyuma ikimuua mchezaji wa timu iliyo mbele ilipata dhahabu na uzoefu zaidi kuliko awali. Kwa maneno mengine, walifungua mlango wa kurudi mchezoni, ule ambao Newbee walikuwa mabingwa wa kuufunga. Sisemi Valve waliwaonea. Mashabiki walilalamika kwamba fainali ilikuwa butu, na walikuwa na haki. Lakini ubingwa uliojengwa juu ya toleo moja la mchezo uliwapa miezi miwili tu ya kuringa.

Xiao8 akaondoka. Mwaka 2015 alirudi Seattle akiwa na LGD na kumaliza wa tatu, huku bingwa mtetezi akitoka bila kuingia nane bora. Hapo ndipo nilipoanza kuandika jina la klabu kwa penseli na majina ya wachezaji kwa wino. Mpaka leo daftari langu liko hivyo.

Kilichofuata wengi hukiruka, nami nadhani ndicho kizuri zaidi. Kufikia 2017 Newbee walikuwa kikosi kingine kabisa: Moogy, Sccc katikati, kpii kutoka Australia, Kaka, na Faith. Huyu Faith, jina lake halisi Zeng Hongda, alikuwa ameshabeba ubingwa wa 2012 akiwa na Invictus Gaming. Alicheza nafasi ya tano, ile ya mtu anayenunua macho ya ramani kwa fedha yake, anakufa ili wenzake wapone, na hakuna anayeliimba jina lake. Timu nzuri huijua kwa mtu wa namna hiyo. Mwaka ule Newbee walipita upande wa washindi hadi fainali bila kupoteza hata mzunguko mmoja, na kama wangeshinda, Faith angekuwa mtu wa kwanza duniani kubeba kombe hilo mara mbili, na Newbee klabu ya kwanza.

Walipigwa 3-0 na Team Liquid ya nahodha KuroKy. Fainali ya kwanza katika historia ya mashindano hayo kuisha bila mmoja kupata hata mchezo.

Nimeirudia mara nyingi. Liquid walikuwa wameangukia upande wa waliopoteza tangu mzunguko wa kwanza, wakapanda ngazi hadi juu wakicheza mechi baada ya mechi. Walifika fainali miili ikiwa na joto. Newbee walifika wamepoa. Ni maoni yangu, mwingine atasema ni ubora tu, na matokeo ya 3-0 yanampa nguvu. Ila tazama uchaguzi wao wa mashujaa siku ile uone kama huoni watu waliokuwa wakijibu maswali ya wiki iliyopita.

Baada ya hapo ni mteremko. Mwaka 2018 walialikwa moja kwa moja kwenye The International ya Vancouver, hawakufika nane bora. Kikosi kikaanza kumeguka, mmoja huku, mwingine kule. Kisha likaja la 2019, ambalo mtu akinisimulia bila ushahidi ningesema ananichezea. The International ilikuwa inafanyika China kwa mara ya kwanza, Shanghai. Kikosi cha Kichina cha Newbee hakikufuzu. Kikosi cha Amerika ya Kaskazini kilichokuwa kikicheza kwa jina la Forward Gaming kikafuzu kupitia mchujo wa kwao, kisha klabu ikakichukua kizima, na ndivyo jina la Newbee lilivyoingia Shanghai likibebwa na Wamarekani wanne na Msweden mmoja. Mmoja wao, Sneyking, alikuja kuwa bingwa wa dunia 2022, akiwa na Tundra, klabu nyingine kabisa.

Mei 2020 umoja wa klabu za Dota 2 nchini China pamoja na waandaaji ImbaTV walitangaza kuifungia Newbee maisha, klabu na wachezaji wake watano, kwa kupanga matokeo. Klabu ilikana. Januari 2021 Valve na mshirika wao wa China, Perfect World, nao wakaifungia milele kwenye mashindano yao. Katika ile orodha ya watano alikuwamo Moogy wa fainali ya 2017. Alikuwamo pia Faith.

Huwa naulizwa: wewe mchambuzi, hukuona? Kuona si kuthibitisha. Faili la marudio litakuonyesha mtu amekwenda mahali pa kipumbavu, amenunua kifaa kisichofaa, amechelewa sekunde tatu. Mchezaji aliyechoka hufanya yote hayo bila senti ya mtu mfukoni. Ushahidi wa kupanga matokeo hukaa nje ya ramani, kwenye dau na kwenye mazungumzo, huko ambako mimi sina kamera.

Ninachoweza kukisema ni cha hesabu. Mwaka 2014 bingwa alichukua karibu asilimia 46 ya chungu chote. Fedha zote zilijaa juu ya mlima. Chini, kwenye mechi za mchujo ambazo watazamaji wake ni wachache, hapakuwa na kitu cha kumfanya mtu aogope kukipoteza. Hiyo si kumtetea yeyote, maana timu nyingi ziliishi chini ya mlima uleule na hazikufungiwa.

Xiao8 nilimwona tena Oktoba 2021, Bucharest, akiwa kocha wa PSG.LGD. Walikuwa nyuma 2-0, wakasawazisha 2-2, wakapoteza wa tano kwa Team Spirit. Nilikuwa nachambua fainali ile kwa ajili ya vijana wangu, na mmoja akauliza yule mzee aliyesimama nyuma ya wachezaji ni nani. Alikuwa hajaitazama ile ya 2014. Nikamtumia faili.