Lehenga na Shati Jeupe: Kuchanganya Kihindi na Kizungu Msimu wa Navratri na Diwali

Ile lehenga, sketi ndefu pana ya Kihindi, ya hariri ya Banaras iliyolala kabatini tangu harusi ya dada yako haihitaji choli mpya, yaani blauzi yake fupi. Chomekea shati jeupe la pamba lenye kola ngumu, ukunje mikono hadi kwenye viwiko. Nyuzi za zari zinang'aa zenyewe, na shati linazipunguzia makeke. Shingoni usiweke kitu, kola imeshapajaza. Hereni za jhumka zinatosha.

Mimi huanza na kitambaa chenye makuu kuliko vyote, kisha vingine navituliza. Hariri ya Banaras na tarizi za vioo za Kutch ni mafahari wawili, zizi moja haliwatoshi.

Ila sherehe yenyewe ndiyo inayoamua mshono. Navratri ni sikukuu ya Kihindu ya usiku tisa, na kule Gujarat, India, watu hucheza ngoma ya garba wakizunguka duara, wakipiga makofi na kujigeuza mpaka usiku mkubwa. Sketi ya kubana, hata iwe na nakshi gani, iache nyumbani. Vaa chaniya, sketi pana yenye marinda mengi, juu yake kizibao cha jinzi, na mtandio uubane kwa pini begani na kiunoni, la sivyo jirani ataukanyaga. Wengi hucheza pekupeku kwa heshima ya mungu mke Durga, kwa hiyo pindo lipimwe hivyohivyo. Mteja akija kupima na mchuchumio, namwomba auvue kwanza.

Diwali, sikukuu ya taa, ina hatari yake: taa za mafuta hupangwa sakafuni na vizingitini, na mtandio wa poliesta unaoburuta hushika moto upesi. Hapo napenda sari juu ya suruali nyembamba. Sari ina kama mita 5.5, na kwa kuwa huna sketi ya ndani, marinda yote yanachomekwa kwenye kiuno cha suruali. Chagua shifoni au jojeti. Hariri nzito itakutunisha tumbo. Zipu iwe ubavuni. Ile ncha inayopita begani, yaani pallu, ibane kwa mkanda wa kitambaa au wa madini, maana ngozi wengi hawaitaki karibu na puja, yaani ibada.

Wanaume kazi yao ni nyepesi. Bandhgala, koti la Jodhpur lenye kola ya kusimama, ni mchanganyiko tayari. Valia suruali nyeusi iliyonyooka, basi. Kurta, lile shati refu lisilo na kola, juu ya jinzi nayo inapendeza, mradi ikomee juu kidogo ya goti.