Si kwamba wanaongea haraka mno

Wanaojifunza Kiingereza wengi huamini kuwa hawaelewi kinachosemwa kwa sababu wazungumzaji wana haraka mno. Hupunguza kasi ya sauti kwenye simu, kisha wanashangaa kwamba bado hawaambulii kitu. Kasi ina mchango wake, lakini mara nyingi shida ni kwamba maneno yanayosikika si yale waliyoyazoea kitabuni.

Kiswahili kina irabu 5, na kila silabi hutamkwa kamili. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, na silabi isiyo na mkazo humezwa. Katika "I can swim", "can" hubaki "kn" tu. Mkazo uko kwenye "swim". "What do you want?" huweza kusikika "wadya wont". Anayengoja kusikia kila neno likiwa zima atangoja sana.

Ndiyo maana kuacha redio ikinguruma chinichini siku nzima hakusaidii kama wengi wanavyodhani. Chukua sekunde 20 za mazungumzo yenye maandishi yake. Sikiliza bila kusoma, andika ulichosikia, hata kama ni upuuzi, halafu linganisha. Pale ulipokosea ndipo penye somo. Kisha sema sambamba na msemaji, ukimeza anachomeza (ukiona haya, jifungie chumbani). Mdomo ukishazoea kufupisha, sikio nalo huanza kuutambua ufupisho huo kwa wengine. Na lafudhi? Isikunyime usingizi, ukiweka mkazo mahali pake, utaeleweka.