Bonsai inaumwa na ina wadudu? Usiongeze dozi

Jamani, kwa wenye bonsai, yaani miti inayokuzwa midogo chunguni, hii nimeisikia mpaka nimechoka: "mti unakauka, nimeona wadudu, nimepiga dawa haijasaidia, niongeze dozi?" Usiongeze!

Watu wameshajiaminisha kwamba wadudu ndo ugonjwa wenyewe, so dawa ikiwa kali zaidi mti utapona. Mara nyingi ni kinyume, mti ulishadhoofika kitambo, mizizi imeoza kwa kumwagiwa maji kila siku bila hata kugusa udongo, au juniper, mti usiopukutisha majani, imefungiwa sebuleni wakati ni mti wa nje, wadudu wamekuja kumalizia tu. Sasa ukimwaga ile dawa ya kunyonywa na mizizi, mizizi iliyooza itanyonya nini? Dawa inabaki chunguni. Na ukipuliza dozi mara mbili unaunguza yale majani machache yaliyobaki, ambayo ndo yanaulisha mti.

Kabla ya dawa yoyote kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, tawi lipo hai, ukiona kahawia kavu basi tena. Juniper ndo inadanganya sana, inaweza kubaki kijani wiki kadhaa baada ya kufa, yaani mtu anapulizia maiti.

Halafu jua unapigana na nani. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi uligonge, ukiona vidoti vinatembea mara nyingi ni utitiri, na utitiri una miguu 8, sio mdudu kabisa, dawa nyingi za wadudu haziugusi, zinaua wale wanaoula utitiri na baada ya muda unarudi mwingi kuliko mwanzo. Mimi naanza na maji tu, funika udongo kwa nailoni, laza chungu, osha chini ya majani kwa presha ya wastani, rudia kila baada ya siku chache maana mayai yanabaki.

"Sisimizi wanakula mti wangu." Hapana, wanafuata utamu unaotoka kwa vidukari na wadudu gamba (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti), na wanawalinda kabisa. Tafuta hao.

"Sabuni ya unga inatosha." Inaunguza majani, tumia sabuni laini ya maji, kidogo, jioni.

"Nimeweka mbolea upate nguvu." Mti mgonjwa haupewi mbolea! Naitrojeni inatoa machipukizi laini, na vidukari wanayapenda kweli.

Wadudu gamba wanaonekana kama vinundu vya gome na hawasogei, hao watoe kwa mswaki wa zamani, mmoja mmoja, kuanzia kwenye mapanda ya matawi.