Frank-Starling: pande mbili za moyo zinalinganaje?

Siku ukinunua moyo wa mbuzi buchani upasue katikati uangalie, upande wa kushoto nyama nene balaa, wa kulia kaukuta kembamba tu. Na wako uko hivyohivyo: wa kulia unasukuma damu mapafuni hapo jirani kwa presha kama 25 hivi, wa kushoto unaipeleka utosini hadi unyayoni kwa 120. Ila pamoja na tofauti yote hiyo, zote mbili zinatoa damu sawa, kama mililita 70 kila pigo, karibu lita 5 kwa dakika ukiwa umetulia.

Na lazima iwe sawa. Chukulia wa kulia uzidishe mililita 1 tu kila pigo, hata kijiko cha chai haijazi, mapigo 70 mara dakika 60, ndani ya saa moja lita 4 na ushee zimehamia mapafuni na damu yako yote ni kama lita 5, yaani unazama ukiwa nchi kavu.

Sasa nani anapima? Wengi wanadhani ubongo, lakini moyo uliopandikizwa neva zake zimeshakatwa na bado unabalansi fresh. Kazi inafanywa na nyama yenyewe. We si umewahi kupiga manati, ukivuta mpira zaidi jiwe linaenda mbali, basi na msuli wa moyo ukijaa damu unavutika, ukivutika unabana kwa nguvu zaidi, kilichoingia kingi kinatoka kingi. Otto Frank aliiona kwenye moyo wa chura Ujerumani 1895, Ernest Starling akaja kuionyesha kwa mbwa London 1914, ndo jina la kanuni hii, Frank-Starling, likatokea hapo.

Hebu vuta pumzi ndefu. Damu imerudi kwa wingi upande wa kulia, nao umetoa zaidi, kwa hiyo sekunde hiyo pande hazilingani kabisa, ila ile ziada ikishapita mapafuni, mapigo machache tu, inafika kushoto, nako kunavutika, kunatoa zaidi, ngoma droo.

Shida ni kushoto kukichoka, labda kwa presha ya miaka mingi. Kunakuwa kama mpira wa manati uliolegea, unavuta weee jiwe linadondoka miguuni, na wa kulia hauna habari, unaleta tu, damu inapiga foleni mapafuni mpaka maji yanavuja kwenye vifuko vya hewa. Ndo unakuta mzee akilala chali pumzi inakata, anaongezewa mto wa pili, wa tatu, mwisho analala amekaa.