Jamii ipi hiyo iliyokubali?

Wiki iliyopita nilikaa tena kwenye ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, chai na mandazi, nikimsikiliza afisa wa mradi wa kuboresha mtaa wa mabanda akisoma ripoti yake: "Jamii imekubali." Ushahidi ulikuwa karatasi ya mahudhurio yenye sahihi zaidi ya mia moja. Nikainua mkono, nikauliza: kati ya hawa waliotia sahihi, wangapi hulipa kodi ya nyumba na wangapi huipokea? Hakuna aliyejua. Nimeuliza swali hili miaka mingi, kila mara mwishoni mwa mkutano, mabomba yakiwa yameshachorwa. Sasa naliandika.

Mimi ni mpangaji miji. Kiswahili kimetupa jina moja watu wawili: mpangaji ni mimi ninayechora ramani, na mpangaji ni mama anayelipia chumba cha mabati kila mwezi. Wa kwanza hualikwa mkutanoni kwa barua. Wa pili mkutano hufanyika akiwa kibaruani.

Chukua Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Chini kabisa yupo mwenye hati ya ardhi, maana sehemu kubwa ya ardhi ile iligawiwa watu binafsi na kampuni miongo kadhaa iliyopita. Juu yake yupo mwenye vyumba, tunayemwita landilodi ingawa ardhi si yake. Halafu wapangaji, ambao ndio wengi mno. Katikati yao wanapita wauza maji na wale wanaovuta nyaya za stima. Waulize wote kama wanataka bomba la majitaka, wote watasema ndiyo. Kisha waulize lipite kwenye vyumba vya nani. Hapo ndipo utajua una jamii ngapi.

Nisieleweke vibaya kuhusu landilodi. Nawajua wajane wenye vyumba vitatu, wanalala kimoja na kula kodi ya viwili, na vyumba hivyo ndiyo pensheni yao. Nawajua pia wenye vyumba vingi wanaoishi mbali na hawajawahi kukanyaga tope la kijiji chao wenyewe tangu mvua ianze. Kuwaweka kapu moja ni uvivu, na uvivu huo umetugharimu. Mathare 4A, mtaa mwingine wa mabanda Nairobi, miaka ya 1990, fedha za Ujerumani zilikuwepo na Kanisa Katoliki lilikuwa mshirika. Wenye vyumba wakalipwa fidia, nyumba bora zikaanza kujengwa, wapangaji wakawa wanailipa kodi taasisi ya mradi. Waliopoteza mapato wakapinga, baadhi ya wapangaji nao wakapinga, vurugu zikazuka, mradi ukakwama. Yote yalikuwepo isipokuwa mapatano kati ya watu wenyewe.

Kambi Moto, kijiji cha mabanda pale Huruma, Nairobi hiyohiyo, ilienda njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vikundi vya akiba chini ya Muungano wa Wanavijiji, shirika lililozaliwa 1996, vilihesabu nyumba kwa nyumba, vikakaa na wenye vyumba kwa wapangaji mpaka wakapatana: kila kaya nyumba moja, uwe ulikuwa na vyumba vitano au ulikuwa mpangaji. Fikiria mtu anavyoachia vyumba vinne kwa hiari yake. Hilo halitoki kwenye warsha ya siku mbili. Kulikuwa na ubishi wa muda mrefu kabla ya mawe kupangwa, na wafadhili wengi hawana bajeti ya ubishi. Ardhi pia ilikuwa ya baraza la jiji, jambo lililorahisisha mno, na anayeisifu Kambi Moto bila kulitaja anakudanganya.

Kuhusu ile hoja kwamba watu wa mabanda wamezoea vya bure, nitasema kwa kifupi: utafiti wa Mukuru ulionyesha wanalipia maji na stima bei ya juu kuliko mitaa ya kitajiri. Yaliyobaki ni dharau.

Kaunti ya Nairobi ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kuandaliwa mpango wake lenyewe, Agosti 2017, vijiji vyake vitatu, kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, vilikuwa na kaya zipatazo 100,000. Mashirika zaidi ya 40 yalijipanga kwa mada: maji, afya, ardhi, fedha na kadhalika. Wengi husifu wingi huo. Mimi nasifu jambo dogo zaidi, kwamba kila kaya kumi zilichagua mwakilishi mmoja. Kaya kumi zinazotumia choo kimoja zinajua nani anachelewa kurudi, nani ana mgonjwa, nani hawezi kufika mchana. Karatasi ya mahudhurio haijui.

Hata hivyo Novemba 2021 matingatinga yalibomoa sehemu ya Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu wakalala nje. Mpango ulikuwepo. Sijapata maneno ya kuwaambia wale tulioketi nao tukichora.

Na kuna kinachoninyima usingizi zaidi ya tingatinga. Barabara ikiwekwa lami na maji yakifika mlangoni, chumba kinapanda bei. Mpangaji hana mkataba wa maandishi, kwa hiyo anahama kimyakimya, na ripoti inaandika mtaa umeboreka. Kazi yangu inaweza kumfukuza bila kelele. Akiba husaidia, lakini aliye chini kabisa hana hata shilingi 50 ya kuweka kwa siku. Mapatano na landilodi ya kupandisha kodi kwa awamu nimeyaona yakishika miezi kadhaa kisha yakavunjika. Dawa kamili sina.

Mkutano ujao nimeomba uwe saa mbili usiku, watu wakishatoka vibaruani kwenye viwanda vya Industrial Area, na karatasi iwe na safu mbili: anayelipa kodi na anayepokea. Afisa amekubali. Nilipompelekea habari hizo mama mmoja wa Viwandani, aliniuliza, "Sasa mwanangu, na landilodi ataiona hiyo karatasi?" Nikamwambia nitarudi kwake na jibu kabla ya Jumapili. Leo ni Ijumaa.